Jembe la Bwana Thirkettle

Kijiji kimeandikwa Happisburgh,
wenyewe hutamka Hezbra.
Herufi nyingine nadhani zilianguka baharini
pamoja na bustani, banda la mbwa, kipande cha barabara.
Kila kipupwe ukingo humegeka,
na halmashauri husogeza uzio.

Hapa ndipo ninapomwogesha Bwana Thirkettle,
fundi bomba mstaafu, miaka tisini na moja.
Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi.
Iringa, nikasema.
Siku ya pili aliniuliza natoka wapi hasa.
Iringa, nikasema, kwa mama Twilumba,
nyuma ya mashine ya kusaga.
Siku ya tatu hakuuliza.
Alipapasa kwenye droo ya soksi,
akatoa jiwe, akaniwekea kiganjani.

Kwetu mgeni ni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Sikutegemea kwamba huku nako wanajua.

Jiwe jeusi, umbo la ulimi wa ng'ombe,
limechongwa pande zote mbili, makali bado yapo.
Aliliokota udongoni akitembeza mbwa.
"Nusu milioni ya miaka," alisema, "pengine zaidi.
Hawakuwa kama sisi.
Lakini walikuwa watu."

Nikacheka hadi maji ya beseni yakapoa,
maana mawe haya nayajua.
Korongo la Isimila limejaa,
mbuzi wetu walikuwa wakiyakanyaga,
na bibi alikuwa nalo moja la kupondea karanga
mpaka akaja bwana wa makumbusho na daftari lake,
akalifunga kwenye gazeti, akaondoka nalo.
Bibi alilidai jiwe lake hadi anakufa.

Jioni, miguu ikiwa kwenye maji ya chumvi,
Bwana Thirkettle hunisomesha.
Alipokuwa mdogo, anasema, waliamini
kila bara liliotesha watu wake, kama viazi.
Baadaye wakasema hapana:
kundi moja, njia moja, kutoka kwenu.
Sasa wanasema walitoka, wengine wakarudi,
wakatoka tena, wakakuta watu njiani,
wakazaa nao.
Asilimia mbili ya wale wa njiani imo ndani yake.
"Ndiyo inayokoroma," anasema.
Na mimi namkausha vidole kimoja kimoja.

"Wakati huo bahari hii haikututenga na Ulaya.
Mtu alikuja kwa miguu."
Bila viza?
"Bila viza." Akafikiri kidogo.
"Ila kulikuwa na fisi."
Fisi tunawajua, nikamwambia.

Kuna mwaka dhoruba ilifagia mchanga wote,
nyayo zikajitokeza kwenye tope kavu la kale,
za wakubwa, na za watoto.
Watafiti walizipangusa kwa sponji, mvua ikinyesha,
wakapiga picha mbio mbio.
Wiki mbili tu, maji yakazila.
Yeye aliziona kwa mbali, ameegemea mkongojo.
"Nyingi zilikuwa zinaelekea kusini,"
aliniambia kwa sauti ya chini,
kama anayesengenya majirani.

Kusini.
Nililala na neno hilo.

Jana Lusungu amenitumia picha.
Viatu nilivyomnunulia Pasaka vinambana,
kwa hiyo dada yangu amemsimamisha kwenye karatasi ya daftari,
ya mistari, yenye doa la chai,
akauchora mguu wake kwa kalamu ya risasi.
Kidole kidogo kimetoka nje ya ukurasa.
Nilimwacha ana miaka minne. Sasa sijui namba yake.
Dukani pale Cromer niliishikilia simu juu ya soli
nikikisia, muuzaji akinitazama.

Nilimwonyesha Bwana Thirkettle.
Alivaa miwani, akaisogeza, akaitoa, akaifuta, akavaa tena.
Muda mrefu hakusema kitu.
Kisha: "Huyu anaelekea wapi?"

Nikaigeuza simu ili kidole gumba kitazame huku.
Na picha, kama ilivyo kawaida yake,
ikajigeuza.